Mesaji yenye picha na majibu: ginsi ya kuuza viazi mbele ya kuchimbua



Sisi wote tunajua tabia ya viazi vya kizungu: vikisha kuchimbuliwa, havingoji. Maharagi yaliyokauka vizuri yanaweza kukaa miezi kwenye depo. Lakini kiazi kinaota, kinaoza, ao kinageuka kijani kikipigwa na mwangaza, na kiazi cha kijani kina sumu, hakifai kuliwa. Ndiyo sababu mununuzi anayefika na kamio yake kule Lubero anajua tayari kama mutakubali bei yake. Yeye hana haraka, ninyi muko nayo.

Somo hili linaonyesha ginsi telefone inaweza kuwapunguzia haraka hiyo: kutafuta wanunuzi wa Butembo wakati viazi vingali ndani ya udongo.

1. SMS na mesaji yenye picha

SMS moja inabeba alama 160 tu. Mukitia ndani kisura cha kucheka ao herufi sawa na "ê" ya Kifaransa, nafasi inashuka mpaka alama 70. Inayozidi inahesabiwa kuwa mesaji ya pili, na inite zinaisha mbio. Faida ya SMS ni hii: inafika kwa kila telefone, hata ile ndogo ya mabatoni, hata pasipo mega.

WhatsApp inabeba picha, sauti, na fasi depo iko kwenye ramani, tena mununuzi anajibu palepale. Telefone nyingi za Android ziko pia na mesaji za namna hiyo ziitwazo RCS. Kwa ushirika, WhatsApp Business, iliyotoka mwaka 2018, inasaidia zaidi, na kuipakua hailipiwi. Munaweka katalogi ya mazao na picha na bei, munatayarisha majibu ya maulizo yanayorudia kila siku, tena munatia alama kwa kila mteja: mpya, ameagiza, amelipa. Lakini inaomba mega na rezo. Basi musiache SMS: mutume picha kwa walio na Android, na SMS fupi kwa wengine.

2. Mesaji inayouza

Ushirika mwingi unaandika hivi: "Tuko na viazi vizuri, bei nzuri, pigeni simu." Mununuzi hajui ni viazi gani, ni kilo ngapi, viko wapi. Hatapoteza inite zake kuuliza. Mulinganishe na hii:

"Jambo mama. Tuko na viazi vya kizungu, kilo 3200, vikubwa na vya kati. Tutachimbua siku ya pili. Bei ya kilo iko chini ya picha, haibadiliki mpaka siku ya tano. Depo iko kando ya barabara kubwa, kamio inafika. Jibu 1 kama unataka kuagiza. Jibu 2 kama unataka kuona picha zingine. Jibu 3 tukuite."

Kujibu namba moja ni kazi rahisi, hata kwa mama aliye kwenye meza yake sokoni na wateja mbele. Asiyependa kusoma, mumutumie maneno hayohayo kwa sauti.

Muangalie tena: bei ni ya kilo, hapana ya mfuko. Mifuko 40 ya kilo 80 ni kilo 3200. Kama kila mfuko umeongezwa kilo 5 na kushonewa kamba juu, mumetoa kilo 200 bure, ni kusema mifuko miwili na nusu. Mizani ikae depo.

3. Picha ni ahadi

Hapa ninakiri kosa langu mwenyewe. Siku moja nilipiga picha ya viazi vya ushirika mumoja. Nilichagua vikubwa, nikaviosha ving'ae. Mama mumoja wa Butembo akaagiza mifuko 20. Ilipofika, akafungua, akakuta vidogo vimechanganyika, na vingine vya kijani. Akasema: "Hivi sivyo viazi mulinionyesha." Akachukua 8, akaacha 12. Hakutuagiza tena, na wenzake sokoni walipata habari.

Tangu siku ile ninafundisha hivi: pigeni picha ya mfuko uliofunguliwa, pamoja na picha ya viazi vilivyomwangwa chini, vikubwa na vidogo, na mukono wa mutu kando ili ukubwa uonekane. Musivioshe, kwa maana kiazi kilicholowa kinaoza mbio. Mutenge vikubwa, vya kati na vidogo, kila namna na bei yake.

4. Feza na usalama

Mesaji inayosema "mumepokea feza" inaweza kuwa ya uongo. Mbele ya kupakia mifuko, mutunza feza aangalie yeye mwenyewe kiasi kilicho kwenye konti ya ushirika. Namba ya siri haipewi mutu, hata akisema anatoka kwenye kampuni ya telefone.

Na kwenye kikundi cha watu wengi, musiandike saa kamio itaondoka wala nani anabeba feza. Barabara zetu munazijua. Habari hiyo mumuambie mununuzi peke yake.

5. Telefone ni ya nani?

Kama namba ni ya sekretere, siku anaondoka, wanunuzi wote wanaondoka naye. Namba iwe ya ushirika, na komite iandike kwenye daftari nani anaitumia. Bei iliyokubaliwa na mununuzi iandikwe siku ileile kwenye ubao wa depo, ili mama asiye na telefone aijue sawa na prezida. Mwanamemba asiyejua bei ataanza kuuza kando usiku, na mutakuwa mumerudi kwa mwenye kamio.

Kazi ya mukutano ujao

Mugawanyike kwa makundi ya watu watano. Kila kundi liandike mesaji moja kwa zao lililo shambani sasa: ni zao gani, kilo ngapi, bei ya kilo, fasi, siku, na majibu matatu. Kisha musome kwa sauti. Kama msikilizaji angali na ulizo, mesaji haijakamilika. Muitengeneze tena mbele ya kuituma.