Risasi imekwama kwenye bastola ya fataki

SWALI: Naishi Ohio, Marekani, na hulenga shabaha kwa bastola ya kizamani, ile ya kushindilia baruti na risasi kwa mdeki. Juzi fataki ya kuwashia baruti ililia, lakini risasi ikabaki ndani. Nifanyeje likitokea tena?

JIBU: Usichungulie mdomo wa mtutu kamwe. Iache bastola ikielekea shabaha, usubiri walau dakika mbili. Huenda cheche ingali inafukuta ndani. Kisha toa fataki iliyokwisha, zibua tundu lililo chini yake kwa waya mwembamba, weka fataki mpya, ujaribu tena.

Ikigoma, acha kufyatua. Toa fataki, fungua kile kichuchu kinachoibeba, mimina maji tunduni mpaka baruti ilowe kabisa. Ndipo ufunge skrubu ya kuvutia risasi kwenye ncha ya mdeki, uizungushe hadi iume risasi, uivute taratibu. Uso na kiwiliwili vikae kando ya mtutu muda wote. Ikikataa, mpelekee fundi bunduki.

Risasi ikisogea nusu njia, usiifyatue: nafasi kati yake na baruti yaweza kupasua mtutu. Mwisho, kwangua baruti yote, osha mtutu kwa maji ya moto, ukaushe na kuupaka mafuta.

Usiahirishe kazi hii hadi kesho. Baruti nyeusi iliyolowa ikikauka yaweza kuwaka tena, kwa hiyo bastola hiyo ihesabu imejaa mpaka uione risasi mkononi mwako na mtutu mtupu.