Juu ya Viambatisho vya Barua Pepe

Wasomaji wetu wengi siku hizi hupokea barua pepe zenye viambatisho: ratiba, hesabu, picha za arusi. Twasikia watu wakisema, “Mimi sifungui kitu cha mgeni, hufungua cha rafiki zangu tu.” Neno hilo ni la busara, lakini halitoshi, sababu yake twaiona katika mambo yaliyotokea mwaka 2000.

Tarehe 4 Mei mwaka ule ilitoka Manila, katika nchi ya Ufilipino, barua pepe yenye kichwa cha Kiingereza, maana yake “Nakupenda”. Kiambatisho chake kiliitwa LOVE-LETTER-FOR-YOU.TXT, yaani barua ya mapenzi kwako. Kila aliyekifungua, kompyuta yake ilituma barua ile ile, kwa jina lake mwenyewe, kwa watu wote waliomo katika orodha yake ya anwani. Basi mtu aliipokea kutoka kwa mkubwa wake wa kazi, au shemeji yake, au mwalimu wake wa zamani. Nani asingetaka kujua ameandikiwa nini? Picha zilizokuwamo katika kompyuta ziliharibiwa, kirusi kikakaa mahali pake. Mamilioni ya kompyuta yalipatwa, hata Bunge la Uingereza likalazimika kuzima barua pepe zake.

Tena litazame jina lile. TXT ni alama ya maandishi matupu, yasiyodhuru. Lakini jina halikuishia hapo. Zilifuata herufi tatu nyingine, vbs, ambazo ni alama ya programu, yaani amri ambazo kompyuta huzitii mara. Windows ilikuwa na desturi ya kuzificha herufi za mwisho za majina, nayo inayo hata leo isipobadilishwa. Kwetu desturi hiyo ni mbaya, afadhali kuibadilisha.

Kwa hiyo, ukiletewa kiambatisho usichokitazamia, mpigie simu kwanza mwenye jina. Usimwulize kwa kuijibu barua ile, maana huenda atakayejibu ni mwizi aliyekwisha kuingia katika sanduku lake. Hati za Word na Excel nazo zaweza kubeba amri ndani yake. Tangu mwaka 2022 Microsoft imeanza kuzizuia amri hizo katika hati zitokazo katika intaneti. Basi hati ikikusihi uziruhusu, ifunge. Na faili iliyofungwa kwa neno la siri, ambalo limeandikwa katika barua ile ile, ishuku zaidi: mara nyingi hufungwa hivyo ili programu ya kuzuia virusi isione ndani.

Na ikiwa umekwisha kufungua? Itenge kompyuta na intaneti mara moja, kabla ya kumtafuta fundi. Kisha wapigie simu watu waliomo katika orodha yako, wasifungue barua yenye jina lako. Wengine huona haya kusema, na katika saa ile ya kunyamaza ndugu zao hufungua. Diski yenye nakala za kazi yako usiichomeke mpaka kompyuta isafishwe.