Sufuria Moja, Chakula cha Kutuliza Moyo: Mafunzo Niliyopata Jikoni

Watu wengi ninaowafahamu hapa Dar es Salaam hawapiki siku za kazi, na sababu wanazotoa hazitofautiani: muda hakuna, vifaa hakuna, mapishi hawayajui. Nawaelewa. Mtu aliyeshuka kwenye daladala saa mbili usiku hana nguvu ya kusoma mapishi ya hatua kumi na tano. Lakini mimi nimeishi vyumba vya kupanga miaka mingi, nikipikia kwanza jiko la mkaa barazani, baadaye mtungi mdogo wa gesi wa kilo 6, na nimekula vizuri. Ninachoamini ni kwamba chakula kinachomtuliza mtu aliyechoka kinataka ujue mambo machache kwa undani, kisha uwe huru kuyachanganya. Haya ndiyo niliyojifunza.

1. Uliza kuna nini, usiulize upike nini

Swali la "leo nipike nini?" humchosha mtu hata kabla hajawasha jiko, kwa sababu majibu yake hayana mwisho. Mimi hufungua kabati na kikapu cha mboga kwanza. Nikikuta viazi vitatu, nusu kitunguu, nyanya zilizoanza kulainika na kipande cha samaki wa kukaanga wa mchana, chakula kimeshapatikana: viazi vya rosti, samaki akachambuliwa miiba na kutiwa mwishoni. Gengeni naenda kufuata kile kinachopungua tu, labda ndimu au fungu la mchicha. Kwa njia hii hela haipotei na mboga haziozi.

2. Ukijua kuunga, nusu ya kazi imekwisha

Maharage, dagaa, viazi, bamia, mayai, nyama iliyochemshwa, vyote vinaungwa kwa msingi uleule wa kitunguu, nyanya na mafuta. Kwa hiyo nilipoanza kupika kwa bidii niliacha kukusanya mapishi, nikashughulika na jambo hili moja.

Kitunguu kinataka subira. Kitie kwenye mafuta ya moto wa wastani na chumvi kidogo. Chumvi hukifanya kitoe maji na kulainika bila kuungua. Kiache mpaka rangi iwe ya dhahabu na ile harufu kali ya ubichi iishe. Ndipo kitunguu saumu kiingie, lakini kwa muda mfupi sana, maana kinaungua upesi na kikiungua huwa kichungu. Kisha nyanya, zimekatwa ndogo au zimekunwa. Hapa ndipo wengi wanapofanya haraka. Nyanya ina maji mengi, na maji hayo yasipokauka mchuzi unabaki na ukali na ubichi. Koroga, funika, funua, koroga tena. Utaona mafuta yanaanza kujitenga na kung'aa pembeni mwa sufuria. Hiyo ndiyo dalili kwamba maji yamekwisha na nyanya zimeiva. Ukitaka bizari, itie sasa, ikaangike dakika moja ndani ya mafuta hayo kabla hujaongeza maji, kwa kuwa harufu ya viungo vingi hutoka vizuri zaidi kwenye mafuta kuliko kwenye maji.

Kuanzia hapo uamuzi ni wako. Tia maharage yaliyoiva, au bilinganya, au vipande vya viazi na maji kikombe kimoja. Rosti ikiwa nzuri, kinachofuata ni vigumu kukiharibu.

3. Tui jepesi lianze, tui zito limalize

Bibi yangu alikuwa mtu wa Pangani, na kwake nazi ilikunwa kila siku. Alikaa juu ya mbuzi, kifuu mkononi, akikizungusha taratibu ili asifike kwenye ganda jeusi, maana vipande vya ganda huchafua rangi ya tui. Nazi iliyokunwa aliitia maji ya uvuguvugu, akakamua mara ya kwanza, na tui lile zito akaliweka kando. Akatia maji tena, akakamua tena, na hilo la pili ndilo aliloanza kuchemshia muhogo. Nilipomuuliza kwa nini tusitie yote pamoja, alinijibu: "Mjukuu wangu, zito halitaki makelele. Ngoja muhogo uive, utaiona kazi yake."

Alikuwa sahihi. Tui ni mafuta ya nazi yaliyotawanyika ndani ya maji. Likichemka kwa nguvu muda mrefu, mafuta hujitenga na tui hukatika. Tui jepesi halina mafuta mengi, kwa hiyo linavumilia kuchemka. Lile zito tia mwishoni, punguza moto, koroga mfululizo mpaka lianze kutokota, kisha epua. Siku nisizo na nazi mbichi natumia tui la kopo kwa utaratibu uleule: kiasi kidogo nakichanganya na maji mwanzoni, kinachobaki nakihifadhi kwa ajili ya mwisho.

Ukijua hilo, futari huna haja ya kuisubiri Ramadhani. Muhogo, viazi vitamu, magimbi, ndizi mbichi, boga, chochote chenye wanga kinafaa. Muhogo umenywe, utolewe mzizi wa katikati na uchemshwe vizuri. Ule mchungu usiutumie kabisa kwa pishi hili, kwa sababu una sumu inayohitaji kuondolewa kwa kulowekwa na kukaushwa. Mimi hutupia pilipili mbuzi moja nzima bila kuipasua, ili itoe harufu bila kuwasha, na kitunguu kilichokatwa vipande vikubwa.

Sufuria hii inanipa ujasiri kila nikiitazama. Muhogo na viazi vitamu asili yake ni Amerika, na pilipili pia. Ndizi na magimbi asili yake ni Asia. Mnazi nao ulivuka bahari kuja kwetu. Chakula tunachokiita cha asili cha Pwani kilibuniwa na watu walioletewa mimea migeni wakaipika kwa walichokijua. Anayebuni jikoni kwake leo anaendeleza kazi hiyohiyo.

4. Pika maharage mengi, ule kwa sura tofauti

Maharage yanakula moto mwingi, kwa hiyo kupika kikombe kimoja ni hasara. Huyaloweka usiku kucha, asubuhi namwaga maji yale na kutia mapya. Kisha yanachemka kwa nguvu kama nusu saa. Sehemu hii haikwepeki, kwa kuwa maharage mabichi yana sumu ya asili inayoharibiwa na mchemko mkali. Moto hafifu peke yake hautoshi. Baada ya hapo gesi nazima. Sufuria ikiwa bado inatokota na mfuniko umekaza, naifunga kwa blanketi zito na kuiweka ndani ya kikapu kilichojazwa nguo. Joto linabaki ndani na maharage yanaendelea kuiva yenyewe. Baada ya saa kadhaa nayarudisha jikoni kidogo tu, mpaka yapondeke kwa vidole.

Nyanya na ndimu zisiingie kabla maharage hayajalainika, kwa sababu uchachu hufanya maganda yabaki magumu. Magadi huyalainisha haraka, lakini hupunguza vitamini B1 na yakizidi huacha ladha kama ya sabuni. Ukishaloweka vizuri huna haja nayo.

Sufuria hiyo moja siku ya kwanza inakuwa maharage ya nazi na wali. Kesho yake yaliyobaki kwenye friji naponda nusu, nayaunga kwa rosti nzito na kuyalia chapati. Nikiwa na mahindi yaliyokobolewa na kuchemshwa, napata makande, pishi ambalo jirani zetu wa Kenya hulifahamu kwa jina la githeri. Makande yanashibisha na pia yana lishe nzuri: protini ya mahindi ina upungufu ambao ile ya maharage inaujaza, na ya maharage nayo inajaziwa na mahindi. Wazee walizoea kuvila pamoja bila kuambiwa na mtaalamu yeyote.

5. Yai ni msaada wa usiku

Siku ambayo hakuna kilichopangwa, mayai mawili yanatosha. Njia ninayoipenda ni kuyapasua ndani ya rosti inayotokota: natengeneza vishimo viwili kwa upawa, yai moja kila kishimo, nafunika na kupunguza moto mpaka ute ushike. Mkate wa jana unafaa sana kuchovya.

Ukiwa na unga wa ngano, fanya chapati za maji. Vikombe viwili vya unga, yai moja, chumvi, kitunguu kilichokatwa ndogo sana na maji yanayotosha kuufanya uwe kama uji mwepesi. Uache upumzike robo saa ili unga unywe maji. Ukiukaanga hapohapo chapati hukatika. Paka mafuta kidogo kwenye chuma cha moto, mimina upawa mmoja, zungusha, na geuza pale tu juu panapokuwa hapana tena umajimaji. Watoto wanazipenda za sukari na iliki. Mimi nazila na chai ya tangawizi.

6. Kiporo kina masharti yake

Wali wa jana unafaa kukaangwa kuliko wali uliopikwa sasa hivi. Ukipoa, punje hukaza na kuachana, haziwi bonge kwenye kikaango. Kitunguu, karoti iliyokunwa, manjano kidogo, wali, na yai lililopigwa likamiminwa mwishoni: hicho ni kifungua kinywa cha kumpeleka mtu mpaka mchana.

Masharti ni haya. Wali usilale kwenye sufuria juu ya meza, hasa kwenye joto letu la Pwani. Mchele unaweza kuwa na vijidudu ambavyo mbegu zake hazifi kwa kuchemshwa, na wali ukikaa vuguvugu huzaliana na kutoa sumu. Sumu hiyo haiondoki hata ukiupasha upya mpaka ufoke moshi. Tandaza wali kwenye sinia upoe upesi, uweke kwenye friji ndani ya saa mbili, uupashe mara moja tu. Asiye na friji apike unaokwisha. Ukoko huwa hauna tatizo hilo, maana nyumbani kwetu haujawahi kufika asubuhi.

7. Weka vitu vikavu vitakavyokuokoa

Kabatini kwangu hapakosi dagaa, karanga, mchele, unga wa sembe na tambi. Dagaa wa Kigoma wakiwepo ni raha, na wa Mwanza wanafaa pia. Natoa vichwa, nawasuuza kwa maji ya moto kuondoa mchanga, nawakausha na kuwakaanga mpaka wawe wakavu. Rosti kidogo, ndimu, pilipili, na ugali umepata mwenzake. Karanga nazikaanga na kuzisaga, kisha naungia mchicha. Tambi nazikaanga kwa mafuta kidogo mpaka ziwe kahawia, naziivisha kwa tui, sukari na iliki. Tambi hizo zimewahi kumtuliza rafiki yangu aliyefika kwangu usiku akilia, na hakuwa amesema neno lolote mpaka alipomaliza sahani.

8. Jua unampikia nani

Huku kwetu kila jamii ina chakula cha kumrudishia mtu nguvu. Uchagani mzazi hupewa mtori, ndizi na nyama zilizopikwa hadi zikapondeka. Pwani hupewa uji wa pilipili manga. Vyakula hivi ni laini, ni vya moto, na havimchoshi anayekula. Nimejifunza kuzifuata sifa hizo hata ninapobuni. Anayetoka homa nampikia uji wa mchele, mchele ukapondwa kidogo kwanza ili uive haraka, na tui kidogo mwishoni. Uji wa unga nauanza kwa kukoroga unga kwenye maji baridi. Unga ukitiwa mkavu kwenye maji yanayochemka, nje huiva kabla ndani hapajalowa, na hayo ndiyo mabuje.

Huko hotelini wapo wapishi hodari kuliko mimi, wenye majiko sita na visu vikali. Lakini hawajui kwamba mama yangu anataka ugali laini kwa sababu ya meno, kwamba mdogo wangu hali bamia zinazovutika, na kwamba mama mwenye nyumba, tangu afiwe na mumewe, hula vizuri zaidi akipelekewa chakula na mtu akakaa naye. Mambo hayo nimeyajua kwa kuwapikia watu walewale, wiki baada ya wiki, vyakula vya kawaida. Ndiyo maana nawasihi wenzangu warudi jikoni hata kwa usiku mmoja mmoja. Ujuzi wa kupika unaweza kununuliwa, lakini kumjua anayekula huja kwa kumpikia.