Kihisi Kimoja, Vifaa Vitatu: Piga Hesabu ya Volti Kabla ya Kukata Waya

Tangi la maji lina kimo cha mita 8. Maji yanapanda, skrini inasoma mita 4, mita 5, mita 6, kisha namba inaganda hapo hapo. Opereta anangoja isome mita 7 na nusu ndipo azime pampu. Haisomi. Anakuja kujua tangi limejaa pale maji yanapomwagika nje. Ukikagua, kihisi ni kizima, PLC (kidhibiti cha mtambo) ni nzima, nyaya zote zimekazwa. Kosa lilianza siku fundi alipoongeza kifaa cha tatu kwenye waya wa kihisi bila kupiga hesabu.

Makala haya ni ya fundi huyo, na ya msimamizi aliyemwambia, "Unganisha na hiki pia."

Mkondo unavyosafiri

Vihisi vingi vya viwandani, viwe vya kina, mgandamizo au joto, hutuma kipimo kwa mkondo wa miliampea 4 hadi 20. Kwa tangi letu, 4 ni tupu na 20 ni mita 8. Hesabu inaanzia 4 kwa makusudi: waya ukikatika, mkondo unashuka hadi sifuri, na PLC iliyopangwa vizuri inatambua kuwa hiyo ni hitilafu. Tena kwa kihisi cha nyaya mbili, mkondo huo huo ndio unaokilisha.

Mkondo hutoka kwenye pawa saplai ya volti 24, ukapita kwenye kihisi, ukapita kwenye PLC, ukarudi ulikotoka. Ukiunganisha vifaa viwili sambamba, kama taa za nyumbani, vitagawana mkondo. Tangi likiwa nusu, kihisi kinatoa miliampea 12. Vifaa viwili vyenye ukinzani sawa vitapata 6 kila kimoja, na vyote vitasoma mita 1 wakati maji yako mita 4.

Kwa hiyo vifaa hivi huunganishwa kwa mfululizo: hasi ya kifaa cha kwanza inaingia kwenye chanya ya cha pili, na kuendelea. Mkondo ule ule unapita kote, na kila kifaa kinasoma kipimo kile kile.

Hesabu yenyewe

Kila kifaa kwenye mfululizo kinakula volti. Ingizo lenye ukinzani wa omu 250 linakula volti 5 mkondo unapofika miliampea 20. Kihisi nacho kina kiwango cha chini cha volti kinachohitaji. Kisome kwenye kijitabu chake. Tuseme ni volti 12. Toa 12 kwenye 24, zinabaki volti 12 za kugawia vifaa vyote na nyaya.

PLC ikila 5 na skrini ikila 5, jumla ni 10. Zinatosha, zinabaki 2 za akiba. Ongeza kifaa cha kurekodi chenye omu 250: sasa zinahitajika 15, na zipo 12 tu. Gawanya volti 12 kwa omu 750, unapata miliampea 16. Mkondo hautapanda zaidi ya hapo hata tangi lifurike, na miliampea 16 ni mita 6 kamili. Ndiyo namba iliyoganda kwenye skrini. Ubaya wa kosa hili ni kwamba tangi likiwa chini ya mita 6 kila kitu kinasoma sawasawa, kwa hiyo fundi anaondoka akiamini kazi imekwisha.

Mitego mingine mitatu

1. Pawa saplai mbili. Baadhi ya maingizo ya PLC hutoa volti 24 yenyewe. Mzunguko mmoja unatakiwa kuwa na chanzo kimoja tu.

2. Hasi zilizofungwa kwenye ethi. Vifaa viwili vikiwa na hasi iliyoungwa kwenye ethi, mkondo unapata njia ya mkato, na kifaa kimoja kinarukwa.

3. Kifaa kuondolewa. Ukichomoa kimoja kwenda kukitengeneza, mzunguko wote unakatika na vyote vinapoteza kipimo.

Volti zisipotosha, au ukikutana na mtego wa pili au wa tatu, nunua kigawa ishara chenye utenganisho wa umeme. Kinapokea mkondo mmoja na kutoa miwili au zaidi isiyogusana, na hitilafu ya upande mmoja haifiki mwingine. Kwenye maeneo yenye gesi au mafuta yanayoweza kulipuka, usiongeze chochote bila idhini ya mtaalamu wa usalama wa eneo hilo.

Kabla ya kukata waya

Mjulishe opereta na uweke pampu kwenye uendeshaji wa mkono, maana mzunguko ukikatika mtambo unaweza kuchukua hatua usiyoitarajia. Ukishaunganisha, kilazimishe kihisi kitoe miliampea 20 na upime volti kwenye teminali zake. Zikiwa chini ya kiwango cha kijitabu, kazi haijakamilika. Usiridhike na kipimo cha tangi lililo nusu.

Mwisho, chora mzunguko kwenye karatasi, andika volti zinazoliwa na kila kifaa, na uibandike ndani ya mlango wa kabati. Fundi atakayekufuata ataikuta hesabu yako, naye hatalifurisha tangi.