Kuficha na Kufichua: Lugha ya Fomu ya Bima ya Gari na Dereva wa Isiolo

Utangulizi

Wahenga walisema kuwa mficha maradhi kifo humuumbua. Methali hii, ambayo aghalabu hutumiwa katika mijadala ya afya, ina nafasi yake pia katika mkataba wa bima ya gari. Makala hii inachunguza swali moja linalopatikana katika fomu nyingi za kuombea bima: iwapo mwombaji amewahi kuhukumiwa kwa kosa la uendeshaji. Muktadha wake ni Isiolo, mji wanakokutana Waborana, Wameru, Waturkana, Wasamburu na Wasomali, na ambako Kiswahili ndicho daraja lao sokoni na katika steji ya matatu. Hoja kuu ni kwamba dereva anaweza kuikosa fidia, si kwa kuwa ni mwongo, bali kwa kuwa neno alilouliziwa halikubeba maana ya kisheria.

Msingi wa Kisheria

Nchini Kenya, Sura ya 405 ya Sheria inalazimisha gari linaloendeshwa barabarani liwe na bima ya kukinga madhara yanayowapata watu wengine. Kifungu cha 10 kinaitaka kampuni ya bima ilipe fidia aliyoamuliwa majeruhi na mahakama. Hata hivyo, kifungu hicho kinaiachia kampuni mlango. Ikifungua shauri kabla ya kesi ya majeruhi kuanza, au katika miezi 3 baada ya kuanza, na mahakama ikatamka kuwa bima ilipatikana kwa kuficha jambo la msingi, haitalipa. Jambo la msingi ni lile ambalo lingeathiri uamuzi wa mtoa bima mwenye busara kuhusu kuikubali hatari, na kwa malipo na masharti gani.

Kesi, Kosa na Hatia

Chukulia mfano wa kubuni. Mwenye gari la abiria linalosafiri kati ya Isiolo na Meru alifikishwa mahakamani kwa kubeba abiria kupita kiasi. Alikiri, akatozwa faini, akalipa siku iyo hiyo. Baada ya miaka 2, wakala anamjazia fomu ya Kiingereza huku akimuuliza kwa Kiswahili: "Mzee, uko na kesi yoyote?" Anajibu: "Sina. Ile ilikwisha."

Jibu hilo ni la kweli. Kesi ilikwisha, hatia haikwisha. Wakala anaandika "hapana", na sahihi inayotiwa chini ni ya mzee.

Neno kosa nalo halisaidii sana. Aliyepotea njia amekosa, aliyemkasirisha jirani amekosa, na aliyevunja Sheria ya Trafiki amekosa vilevile. Kushtakiwa ni kulaumiwa tu mbele ya sheria; mshtakiwa huweza kuachiliwa. Kupatikana na hatia ndiko kunakolengwa na swali, na anayekiri kosa mahakamani, kisha akahukumiwa kulipa faini, amepatikana na hatia hata kama hakulala rumande usiku mmoja.

Malipo pia hutatanisha. Faini hufuata hatia. Dhamana hutolewa kesi ikiwa ingali hai, nayo si hukumu. Hongo ya kando ya barabara haifuti kosa. Ni kosa jingine. Katika mazungumzo ya steji, yote matatu huweza kufupishwa kwa kauli moja: "Nililipa, yakaisha."

Mofolojia ya Aibu

Kitenzi kinachopendwa katika tafsiri za wajibu huu ni kufichua. Kimejengwa kwa kauli ya kutendua: fich-a huzaa fich-u-a, kama vile zib-a huzaa zib-u-a. Hivyo, anayeambiwa afichue hudhaniwa tayari ameficha. Kitenzi hiki huandamana na siri, njama na ufisadi, na si ajabu mteja akajihami. Kubainisha au kueleza humwita mtu aseme bila kumtuhumu.

Mzigo wa Kuuliza

Kanuni ya nia njema kamili katika bima huhusishwa na hukumu ya Jaji Mansfield ya mwaka 1766 nchini Uingereza. Jambo linalosahaulika ni kwamba katika shauri hilo aliyeshinda ni mwenye bima, si mtoa bima. Sheria ya Uingereza ya mwaka 2012 kuhusu bima za watumiaji wa kawaida imekwenda mbali zaidi: katika kupima uangalifu wa mteja, huzingatiwa pia jinsi maswali ya kampuni yalivyokuwa wazi na mahususi. Nchini Kenya, Ibara ya 7 ya Katiba ya 2010 inakitambua Kiswahili kuwa lugha ya taifa na mojawapo ya lugha rasmi, na Ibara ya 46 inampa mtumiaji haki ya kupata habari anazohitaji ili anufaike kikamilifu na huduma.

Hitimisho

Makala hii inapendekeza swali lifuatalo: "Je, katika miaka 5 iliyopita, wewe au mtu yeyote atakayeendesha gari hili amewahi kupatikana na hatia mahakamani kwa kosa la barabarani, hata kama alikiri na kulipa faini?" Ni refu, lakini halimwachii mzee pa kukosea. Dereva naye ana wajibu wa kuomba asomewe kila swali kabla ya kutia sahihi, kwani ajali ikitokea, anayeumia kwanza ni abiria aliyevunjika mguu, ambaye hakuiona fomu hiyo kamwe. Kwa wanafunzi wa Kiswahili, hapa pana kazi: isimu ya darasani inaweza kumlipia mtu hospitali.