MGENI NJOO, MWENYEJI APONE: SOMO JUU YA MPIGA PENALTI

Na mwanafunzi wa Kidato cha Nne

Mwezi wa Juni unakaribia, na michezo ya UMISSETA nayo inakaribia. Jioni hizi, tangu bwenini hata bwalo la chakula, neno linalozungumzwa ni moja tu: nani atapiga penalti za shule? Mwenye nafasi ni mwenzetu wa Kidato cha Nne, kijana wa Ujiji, ambaye amezipiga tangu alipokuwa Kidato cha Pili. Mwezi wa Januari akahamia hapa mwanafunzi wa Kidato cha Tatu kutoka Kasulu, naye hupiga mpira hata kipa wetu huona mikono inamwuma. Wako wasemao mgeni angoje zamu yake. Wako wasemao mwenyeji amekwisha shiba sifa, sasa ampishe mwenziwe.

Mimi nasoma darasa moja na mwenyeji, na hii ndiyo UMISSETA yake ya mwisho. Sikufichi, msomaji, moyo wangu uko upande wake. Lakini timu ni ya shule nzima, na jambo la shule nzima yafaa lipimwe. Basi na tulitazame kama tutazamavyo somo la darasani.

1. Asili ya penalti

Penalti haikuwako tangu mwanzo wa kandanda. Aliyeitoa fikira hiyo, mwaka 1890, alikuwa William McCrum wa kijiji cha Milford katika Ireland, na jambo la kuchekesha ni kwamba yeye mwenyewe alikuwa kipa. Mwaka 1891 ikaingizwa katika sheria za mchezo. Desturi ya kuamua mshindi kwa mikwaju mitano mitano ilikuja baadaye sana, mwaka 1970.

Vipimo vyake kila mchezaji yampasa avijue. Mpira huwekwa mita 11 kutoka lango. Upana wa lango ni mita 7.32, na kimo chake ni mita 2.44. Mpira wenyewe una uzito wa kati ya gramu 410 na 450. Wakati mpira unapopigwa, kipa lazima awe na walau sehemu ya mguu mmoja juu ya mstari wa goli, usawa wake, au nyuma yake.

2. Hesabu yake

Tuseme mpigaji anaukusudia mpira kwenye pembe, karibu na mwamba wa pembeni. Nusu ya upana wa lango ni mita 3.66. Kwa kanuni ya Pythagoras tuliyoisoma, mraba wa 11 ni 121, na mraba wa 3.66 ni kama 13.4. Jumla ni 134.4, na kipeo chake cha pili ni kama 11.6. Basi mpira husafiri mita 11.6.

Mpira uendao kilometa 90 kwa saa huenda mita 25 kila sekunde. Utafika kwa muda wa sekunde 0.46. Uendao kilometa 72 kwa saa hufika kwa sekunde 0.58. Uendao kilometa 54 kwa saa hufika kwa sekunde 0.77.

Tunajifunza nini hapa? Katika nusu sekunde kipa hana budi kuona, kuamua, na kuruka zaidi ya mita tatu. Kwa mpira wa kasi wa pembeni hawezi kungoja aone, humlazimu kukisia. Bali kwa mpira wa polepole huwa na nafasi ya kuutazama na kuufuata. Lakini kasi peke yake haitoshi, kwa kuwa mpira upitao juu ya mwamba ni bure hata ukienda kama risasi. Kwa hiyo mpigaji mwema ana mambo mawili pamoja: kasi na shabaha. Na mambo hayo mawili hayajulikani kwa umri wa mtu wala kwa kidato chake.

3. Habari ya mgeni mmoja wa Marekani

Huko Marekani wana mchezo wao wauitao futiboli, ambao mpira wake umechongoka ncha mbili, na mara nyingi hushikwa mikononi. Hata hivyo kila timu ina mtu mmoja ambaye kazi yake hasa ni kupiga kwa mguu. Huupitisha mpira kati ya milingoti miwili, juu ya mwamba ulio kimo cha mita 3.05, na timu yake hupata pointi tatu. Mtu huyo huweza kukaa pembeni karibu mchezo wote, kisha akaitwa katika dakika ya mwisho, na matokeo yote yakawa mguuni pake. Katika vyuo vikuu vyao kila mwaka hufika vijana wapya wanaoitaka nafasi hiyo iliyo moja tu, na walimu huwapigisha mazoezini na kuandika kila mkwaju: umetoka umbali gani, umeingia au umekosa.

Zamani wapigaji wao waliukabili mpira moja kwa moja, wakaupiga kwa ncha ya kiatu. Mwaka 1956 kulitokea maasi katika Hungaria, na watu wengi wakaikimbia nchi yao. Miongoni mwao alikuwamo kijana Pete Gogolak, ambaye alikuwa amekua akicheza kandanda kama yetu. Alipoingia Chuo Kikuu cha Cornell aliuendea mpira kwa ubavu, akaupiga kwa sehemu ya juu ya mguu kama tufanyavyo sisi. Watu waliona ni kioja. Lakini mipira ilipita, na nafasi akapewa. Mwaka 1964 akaingia timu ya kulipwa ya Buffalo Bills, akawa wa kwanza kupiga kwa mtindo huo katika timu za kulipwa za Marekani. Leo wapigaji wa huko hupiga kama yeye, na mtindo wa ncha ya kiatu umeachwa.

Tukiyatazama hayo twaona maana ya mithali yetu: mgeni njoo, mwenyeji apone. Kama mwalimu wake angalisema, "Wewe mgeni, ngoja," hasara isingalikuwa ya mgeni peke yake.

4. Namna ya kuwapima

Mimi naona kipimo kifanywe hivi. Kila mmoja apige mikwaju 30: kumi kwa siku, kwa siku tatu. Kipa awe yule yule kwa wote wawili, na viatu viwe vile vile vya mashindano. Anayetangulia leo awe wa pili kesho. Mwanafunzi mmoja akae na daftari, aandike kila mkwaju: umeingia, umedakwa, au umetoka nje.

Kwa nini 30? Kwa sababu mikwaju michache hudanganya. Mtu akipata 8 katika 10 na mwenziwe 7, tofauti ni mkwaju mmoja tu, na mkwaju mmoja huweza kuwa bahati. Lakini mmoja akipata 25 katika 30 na mwingine 17, hapo hakuna haja ya kubishana usiku bwenini.

Tena, kipimo kifanane na mchezo. Penalti haipigwi na mtu aliyepumzika kivulini. Basi kila mmoja akimbie kwanza kuuzunguka uwanja, kisha apige akiwa anahema. Na siku ya tatu sisi wanafunzi tuitwe tusimame nyuma ya lango tupige kelele kadiri tuwezavyo, maana kazi hiyo twaiweza bila kufundishwa.

5. Upepo na ardhi yetu

Hapa Kigoma mpigaji ana jambo jingine la kukumbuka. Mchana jua hupasha moto nchi kavu upesi kuliko maji ya ziwa. Hewa ya nchi kavu hupanda, na hewa baridi ya ziwani huja kushika mahali pake. Kwa hiyo alasiri, saa ile ile ya michezo, mara nyingi tunapata upepo utokao Ziwa Tanganyika. Penalti haina safari ndefu, hivyo upepo hauibadili sana. Lakini mpira wa adhabu wa mita 25, au wa kona, huweza kupotoshwa. Basi kipimo kikihusu mipira hiyo pia, wabadilishe malango katikati.

Ardhi nayo hufundisha. Aliyekulia kwenye mchanga wa Ujiji au Kibirizi amezoea mpira usiodunda, naye hutia mguu chini ili auinue. Katika uwanja wetu mgumu mguu huo huo huweza kuurusha juu ya mwamba. Aliyezoea udongo mgumu wa Kasulu huupiga katikati, ukaenda chini chini. Kila mmoja ana la kumfundisha mwenziwe, kama watakubali kufanya mazoezi pamoja badala ya kutazamana kwa jicho la pembeni.

6. Asiyechaguliwa je?

Hili ndilo lililo zito. Mmoja wao atasikia jina la mwenziwe likisomwa. Kwake yeye nina maneno mawili.

La kwanza, mchezo ukimalizika sare katika mtoano, wapigaji watakiwao ni watano. Hapo wa kwanza na wa pili wote wataitwa, na aliyeacha mazoezi kwa hasira ataonekana mbele ya watu wote.

La pili, nafasi huweza kurudi. Kipa Juma Kaseja ni mzaliwa wa mkoa wetu huu. Mwaka 2003, akiwa bado kijana, alisimama langoni Simba ilipoitoa Zamalek ya Misri, waliokuwa mabingwa wa Afrika, kwa mikwaju ya penalti mjini Cairo. Baadaye ikafika miaka ambayo hakuitwa tena timu ya taifa, na watu wakadhani habari yake imekwisha. Hakuacha kazi. Mwaka 2019 akaitwa tena. Mwezi wa Agosti Tanzania ikaitoa Kenya kwa penalti jijini Nairobi, na mwezi wa Septemba ikaitoa Burundi, jirani zetu, kwa penalti 3 kwa 0 jijini Dar es Salaam. Na mara zote mbili kipa alikuwa Kaseja. Kama angalikuwa amezitupa glavu zake, ni nani angalimwita?

Basi rafiki yangu wa Ujiji akipata nafasi kwa daftari, nitashangilia kwa nguvu zote, na hakuna atakayesema amependelewa. Akiipata mgeni kwa daftari, nitashangilia vile vile, ingawa sauti ya kwanza huenda ikakwama kidogo kooni. Namwomba Mwalimu wa Michezo na kapteni wetu watupatie siku tatu kabla majina hayajabandikwa ubaoni. Daftari nitalitoa mimi.

Maswali ya kujipima

1. Mpira wa penalti umepigwa kuelekea katikati ya lango kwa mwendo wa mita 22 kila sekunde. Utafika kwa muda gani?

2. Mpigaji A amepata 21 katika 30, na mpigaji B amepata 4 katika 5. Je, twaweza kusema B ni bora? Toa sababu.

3. Kwa nini upepo wa alasiri hutoka ziwani, na usiku huelekea kugeuka ukatoka nchi kavu?