"Mimi Ndivyo Nilivyo": Ubongo, Uvumilivu na Fadhila ya Kiasi



Kuna maneno vijana wengi tunayasema sana: "Mimi ndivyo nilivyo." Mmoja amejaribu kuacha kubeti mara nne, akarudi. Mwingine ameungama dhambi ileile ya picha chafu kwenye simu mpaka anaona aibu kumkuta padre yuleyule. Mwingine huanza novena kwa moto, siku ya nne kimya. Mwisho wanajiambia: wenzangu wamezaliwa na moyo wa kuvumilia, mimi sikupewa. Na wakisikia kwamba wanasayansi wameona uvumilivu na kujitawala ndani ya ubongo, ndiyo kabisa: "Si unaona? Ni ubongo wangu!"

Basi hebu tuiangalie hiyo sayansi inasema nini hasa.

1. Uvumilivu una mahali pake katika ubongo

Mwaka 2013, daktari Josef Parvizi na wenzake wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, walitoa taarifa kuhusu wagonjwa wawili wa kifafa. Wagonjwa hao walikuwa wamewekewa nyaya nyembamba ndani ya ubongo ili madaktari wajue kifafa kinaanzia wapi. Umeme kidogo ulipopitishwa katika sehemu moja ya ndani, upande wa mbele, iitwayo singuleti, wote wawili walieleza jambo linalofanana. Waliona kama kuna shida inawajia mbele, na papo hapo wakasikia hamu ya kuikabili mpaka waishinde. Mmoja alifananisha hali hiyo na kuendesha gari kuelekea kwenye dhoruba huku akijua lazima apite. Walipoigiziwa tu, bila umeme kupita, hawakusikia kitu.

Angalia vizuri hapo. Umeme haukuwaondolea hisia ya shida. Shida ilikuwepo, na hamu ya kusonga mbele ikawepo pamoja nayo. Kumbe kuona ugumu si dalili kwamba wewe si mvumilivu! Bwana wetu mwenyewe pale Getsemane alisikia uchungu mpaka jasho likamtoka kama matone ya damu (Lk 22:44), na bado aliendelea kusali.

2. Kujitawala nako kunaonekana, lakini si hukumu

Huenda umesikia jaribio la Walter Mischel, lililoanza Stanford miaka ya 1960. Mtoto anawekewa kitu kitamu mezani: ukila sasa utapata kimoja, ukisubiri utapata viwili. Miaka 40 hivi baadaye, baadhi ya watoto hao, sasa watu wazima, walipigwa picha za ubongo. Waliokuwa wakisubiri tangu utotoni walionesha kazi zaidi katika sehemu ya mbele, nyuma ya paji la uso, inayosaidia kujizuia. Walioshindwa kusubiri, kilichowaka zaidi mbele ya kishawishi ni sehemu ya ndani inayohusika na raha.

Usikimbilie kusema, "Basi imeisha." Mwaka 2018 watafiti wengine walirudia swali hili kwa watoto zaidi ya 900. Walipozingatia hali ya familia na mazingira ya mtoto, uhusiano kati ya kusubiri na mafanikio ya baadaye ulipungua sana. Tena, sehemu ile ya mbele huendelea kukomaa mpaka miaka ya 20 na kitu. Yaani wewe wa miaka 19 bado unajengwa!

Na wale watoto waliosubiri walifanyaje? Wengi hawakukaa wakikodolea macho kile kitamu. Walifumba macho, waligeuka, waliimba. Ndicho Kanisa linachotufundisha siku zote: kimbia nafasi ya dhambi. Ukilala na simu chini ya mto halafu ukaomba nguvu ya kushinda saa sita usiku, umejiwekea kitamu mezani mwenyewe.

3. Fadhila inajengwa, neema inaikamilisha

Katekisimu inakiri kwamba mazoea na hali za nafsi zinaweza kupunguza lawama ya mtu katika tendo (KKK 1735). Mungu anajua mzigo wako. Lakini haituachi hapo. Inafundisha kwamba fadhila za kibinadamu hupatikana kwa malezi, kwa matendo ya makusudi na kwa juhudi inayorudiwa, kisha neema ya Mungu huzitakasa na kuziinua (KKK 1810). Mtakatifu Thomas wa Akwino naye alifundisha kwamba neema haiji kuharibu maumbile yetu, inakuja kuyakamilisha. Ubongo ni sehemu ya maumbile hayo. Mungu hakukupa ubongo huo kwa bahati mbaya.

Kwa hiyo kurudi kwenye kitubio mara ya kumi si ushahidi kwamba umeshindwa. Kurudi huko ndiko uvumilivu wenyewe. Aliyeshindwa ni yule aliyeacha kurudi.

Zoezi la wiki hii

- Chagua jambo dogo moja tu, mfano kuacha simu sebuleni kuanzia saa nne usiku.
- Tambua "kitamu" chako kiko wapi, ukiondoe machoni.
- Ukianguka, usisubiri Jumatatu. Anza tena saa ileile, na panga siku ya kuungama.
- Kama tabia imekushika sana, zungumza na padre au mshauri wa kitaalamu. Kuomba msaada ni busara.

Tusali

Ee Bwana Yesu, wewe uliyesali bila kukata tamaa, unajua udhaifu wangu kuliko mimi. Tawala akili yangu, macho yangu na mikono yangu. Unifundishe kuanza tena leo, na kesho pia. Amina.